Memori Mbili, Mti Mmoja

Kacha. Kimya. Kacha, kacha.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima wa Kanyenye, na gizani hata sindano ikianguka huwa ngoma. Recheli alizuia pumzi, akategea sikio upande wa pili wa pazia la kitenge. Mtoto wake Levina, mwenye umri wa miaka mitano, alikoroma kidogo kama paka, kisha akatulia. Recheli akaingiza tena vidole ndani ya kopo la biskuti, taratibu, kama mtu anayerina asali bila kuwaamsha nyuki.

"Panya wa leo anavaa viatu," mumewe Dionis alisema kutoka kitandani.

"Lala, baba Levina. Hata jogoo hajawika."

"Atawika saa ngapi na wewe umemtangulia?"

Recheli alicheka kwa pua. Ndani ya kopo lile hamkuwa na biskuti. Mlikuwa na memori, vile vibao vyembamba vya kijani vinavyochomekwa tumboni mwa kompyuta ili iweze kushika kazi nyingi kwa wakati mmoja. Vilikuwa zaidi ya thelathini, vimeng'olewa katika kompyuta zilizokwisha kufa, vikatupwa humo bila mpangilio. Yeye alihitaji kimoja tu, na alikihitaji kabla ya saa nne asubuhi.

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Watu wengi huikumbuka methali hii wanapomwona mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Humhurumia, wakapita zao. Lakini maana yake imevuka mipaka ya huruma. Jambo lenye uzito hutaka mikono miwili inayokubaliana, na mkono ulio peke yake, hata uwe na nguvu za tembo, hufika mahali ukalegea. Alfajiri ile Recheli alikuwa ameisoma methali hii mara nyingi, ila alikuwa hajaiamini.

Recheli alizaliwa Kigwa, binti wa wakulima wa karanga na tumbaku. Shule aliiachia kidato cha pili. Alipoolewa na kuhamia mjini aliirudia kwa mlango mwingine: jioni tatu kila wiki alikwenda kwenye masomo ya ufundi wa kompyuta, daftari kwapani, huku wenzake wakiwa jikoni wanasonga ugali. Mchana alifanya kazi katika duka la kompyuta la Mzee Mfaume. Alitoa nakala, akauza chaja, akapangusa vumbi. Kila alipofika kwenye meza ya ufundi, ile iliyokuwa dirishani ikiwa na taa yake na kioo cha kukuzia, mkono wake ulipangusa polepole zaidi. Meza hiyo ilikuwa haina mwenyewe tangu fundi wa zamani alipohamia Mwanza. Recheli aliitaka kama mkulima anavyoitaka mvua ya kwanza.

Hakuwa peke yake. Shomari, kijana wa Kizaramo aliyekuja kutoka Dar es Salaam na bisibisi zake katika mkoba wa ngozi, aliitaka pia. Shomari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ulimi mwepesi na mikono myepesi vilevile, na kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, alijipa ruhusa ya kusema lolote.

Jana yake mchana, Bernardo, katibu wa chama kimoja cha wafuga nyuki, aliingia dukani na kompyuta mpakato mbili za aina moja, zinazofanana kama mayai ya kanga. "Zinakwenda kama kinyonga," alilalamika. "Ijumaa nina wageni, wanunuzi wa asali. Nataka niwaoneshe ramani ya mizinga yetu yote msituni, na picha zake, na video ya urinaji. Nikifungua ramani, mashine inaganda. Nitawaonesha aibu au asali?"

Mzee Mfaume alikuna ndevu zake nyeupe. Aliona nafasi ya kumaliza mawili kwa mpigo mmoja. "Shomari, chukua moja. Mama Levina, chukua nyingine. Kazi ni kuongeza memori. Chagueni chochote humu dukani, kipya cha rafu au kikuukuu cha kopo. Kesho saa nne katibu atazijaribu mbele yetu. Itakayoshinda, fundi wake ataikalia meza ile."

Kisha akamgeukia Recheli. Alizungumza bila ubaya, kama mtu anayesoma mizani. "Mikono yako naiona, binti yangu. Ninachoogopa ni kimoja. Meza ile haitaki mtu wa ruhusa ruhusa. Leo mtoto ana homa, kesho mtoto ana kikao shuleni. Wewe mkono mmoja uko kazini, wa pili uko mgongoni."

Maneno hayo yalimchoma Recheli kuliko pasi ya mkaa. Kabla hajajibu, Shomari alidakia.

"Mtani, niachie meza, usijitese! Kazi yenu Wanyamwezi inajulikana tangu enzi za misafara: mzigo kichwani, mguu njiani, mpaka pwani kwetu."

"Na kazi yenu ilikuwa kukaa kivulini mkisubiri mzigo uletwe na kichwa cha mwenzenu," Recheli akamrudishia. "Uzito mtaujulia wapi?"

Duka zima liliangua kicheko, na Shomari mwenyewe akacheka zaidi ya wote. Hapohapo akaenda kwenye rafu, akachagua memori mpya yenye GB kumi na sita na namba ya kasi 3200. Akainyanyua juu kama padri anyanyuavyo kikombe. "Ukubwa kumi na sita! Kasi elfu tatu na mia mbili! Naing'oa ya zamani, naichomeka hii peke yake, na hadithi imeishia hapo."

Recheli hakugusa rafu. Kwanza alimwomba katibu afungue kazi zake zote kwa pamoja kwenye mashine ileile iliyochoka, hata kama ingechukua muda wa chai kupoa. Ilipoganda, alifungua ukurasa unaoonesha memori inayodaiwa, akasoma: GB saba kasoro kidogo. Mashine yenyewe ilikuwa na nne tu. Kisha akafungua mgongo wake, akaona nafasi mbili za memori. Moja ilikuwa na kibao cha GB nne chenye kasi ya 2400, ya pili ilikuwa wazi. Akasoma na maelezo ya mashine: ubao wake wa ndani haupokei kasi inayozidi 2400. Aliandika yote hayo kwenye kiganja kwa kalamu ya wino.

"Unapima mzigo kabla ya kumtafuta mchukuzi?" Bernardo alimuuliza, macho yakimcheka.

"Ndiyo, baba. Nikikosea uzito nitamuumiza mtu bure."

Alichokitaka ni kibao cha pili kinachofanana na kile cha kwanza: GB nne, kasi 2400. Rafuni hakikuwapo. Ndipo alipoomba kopo la biskuti, akalibeba kwenda nalo darasani na kutoka darasani nalo mpaka nyumbani, pamoja na kibao cha kwanza alichokifunga kwenye karatasi.

Na sasa kulikuwa kunaelekea kupambazuka.

"Nikuwashie tochi?" Dionis aliuliza.

"Hapana. Nikishinda nataka nishinde mwenyewe. Asije mtu akasema Recheli alishikwa mkono."

"Haya, mama," alisema Dionis, akageukia ukutani. Hakulala. Mtu aliyelala hapumui kwa heshima namna ile.

Recheli aliendelea kwa mwanga hafifu wa simu aliyoibana kidevuni. Alichambua kimoja baada ya kingine mpaka macho yakamwasha. Mwishowe vidole vyake vilitoa kibao chenye kibandiko safi: GB nne, 2400. Moyo ulimruka kama mwanambuzi. Alikifunga pamoja na mwenzake, akasimama, akaanza kukoka moto wa uji huku akiimba chini kwa chini wimbo wa kanisani, ule wa sauti ya pili aliokuwa akiuimba katika kwaya ya Wamoraviani kule Kigwa.

Dionis alikuwa ameinuka kitandani. Alikuwa seremala wa mizinga ya nyuki, mtu wa maneno machache na vipimo vingi. "Nionyeshe hao pacha wako," alisema. Alivilaza vile vibao viwili kwenye kiganja, ubavu kwa ubavu, akapitisha kucha kwenye kingo zake kama anavyopima mfuniko wa mzinga. Akapitisha tena. Kisha akasema, "Hawa si pacha. Hawa ni mtu na jirani yake."

"Baba Levina, soma kibandiko!"

"Kibandiko ni nguo, na nguo huazimwa. Tazama pengo hili la chini, linapokaa kwenye kizuizi. La huyu limesogea, upana wa punje ya mtama. Huyu hataingia kwenye nafasi ya mwenzake. Ukimlazimisha, utavunja nyumba."

Recheli alitazama. Akasogeza simu karibu. Kweli, kilikuwa kibao cha kizazi cha zamani, kimebandikwa karatasi ya mwingine na mtu asiyejulikana. Darasani walifundishwa kutazama pengo kabla ya jambo lolote. Naye, kwa pupa ya kushinda peke yake gizani, alitazama nguo akaacha kutazama mtu. Angelifika nacho dukani, angelikisukuma kwa nguvu mbele ya Mzee Mfaume, na ile meza ingelikuwa hadithi ya kuwasimulia wajukuu.

Alikaa juu ya kigoda. Kiburi chake kilikaa naye kwa muda, kisha kikanyanyuka, kikaondoka.

"Washa tochi," alisema.

Waligawana kazi. Dionis alitenga kwa pengo: wa kizazi hiki huku, wa kizazi kile kule. Hakujua kusoma namba hata moja ya memori, lakini jicho lake halikukosea. Recheli alisoma maandishi ya vile vilivyobaki. Levina, aliyeamshwa na harufu ya uji, alikabidhiwa tochi, akaishika kwa mikono yote miwili bila kupepesa, kama askari wa lindo.

"Kwa nini lazima wafanane?" Dionis aliuliza huku akichambua. "Shomari kaweka mmoja mkubwa, si amemaliza?"

"Mmoja mkubwa ana njia moja ya kupitishia mzigo. Wawili wanaofanana, mashine inawafungulia njia mbili kwa mpigo."

Dionis alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi ni mzegazega. Mzinga uliojaa tukiutoa porini tunauning'iniza kwenye mti, mmoja bega la mbele, mwingine bega la nyuma. Hatutafuti jitu. Tunatafuta watu wawili wa kimo kimoja na mwendo mmoja. Ukimweka mrefu na mfupi, mzigo unamtelemkia mfupi, na mrefu hata awe na mbio za swala, atakwenda mwendo wa mfupi."

Recheli aliacha kuchambua, akamtazama. Mwalimu wa jioni alichora mishale ubaoni wiki nzima kueleza jambo hilo. Mumewe amelisema kwa mti mmoja. Alimwonea fahari, akamsogezea bakuli la uji.

Jua lilikuwa limeshagusa bati la jirani kilipopatikana kibao cha kweli. Kibandiko chake kilikuwa kimechanika nusu, lakini pengo lilikuwa pahala pake, na namba zilizobaki zilisomeka: nne, 2400.

Saa nne, umeme ukiwa umesharudi, Bernardo alifika. "Mwangaluka, mayu," alimwamkia Recheli kwa Kinyamwezi, akimwita mama. "Mwangaluka, baba," akaitikia.

Recheli alikuwa ametoka tu kuvichomeka vibao vyake viwili, na mashine zote mbili zikawashwa kwa pamoja. Ya Shomari, iliyokwisha kuwashwa jana yake, iliwaka mara moja. Ya Recheli ilibaki nyeusi. Sekunde kumi. Sekunde ishirini. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri nakala walisogea kuona. Shomari alipiga mluzi mdogo. "Mtani, mchukuzi wako amelala njiani. Mpelekee maji."

Recheli alijifunga mikono nyuma isije ikagusa kitu. Alijua kwamba mashine ikipewa memori mpya huanza kwa kuipima kwanza. Alijua, lakini kujua hakuzuii jasho. Kioo kikawaka. Chini yake pakaandikwa: GB nane.

"Nane!" Shomari akapaza sauti. "Mimi kumi na sita. Nane mara mbili ni ngapi, jamani?"

Bernardo alifungua majedwali ya mavuno. Mashine zilikwenda sawa, na ya Shomari ilitangulia kwa ukope. Mzee Mfaume aliandika. Akafungua picha: sawa tena. Recheli alihisi sakafu ikisogea. Ndipo katibu akafungua ramani ya msitu, mizinga yote mia sita ikiwa na picha zake, akawasha na video ya urinaji pembeni, akaanza kuizungusha ramani kwa kidole.

Ya Shomari ilianza kugugumia. Ilisogea, ikasita, ikaruka, ikasita. Video ikawa inamwonesha mrina asali akipanda mti kwa vituo kama basi la kijijini. Ya Recheli ilizunguka. Ilizunguka taratibu na haraka, kushoto na kulia, na moshi wa mrina asali ulipanda hewani bila kukatika, mwembamba na mrefu, kama asali yenyewe inapotiririka kutoka kwenye kijiko.

"Rudia," Mzee Mfaume alisema. Wakarudia mara tatu. Mara tatu ikawa vilevile.

"Haiwezekani!" Shomari aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. "Yangu ni 3200!"

"Tazama inakimbia ngapi," Recheli alisema kwa upole. Shomari akafungua ukurasa, akasoma. Ilikuwa 2400. "Ubao wa mashine hauruhusu zaidi. Mwenda mbio akiingia kwenye msafara hufuata mwendo wa msafara. Na ukubwa wako ni wa kweli, kaka Shomari, siubezi. Mzigo wa katibu ungezidi GB nane, ungenishinda asubuhi na mapema, na mimi ningeliitafutia hiyo yako pacha wake. Lakini mzigo wake ni saba. Hapa hapakutakiwa jitu. Palitakiwa mabega mawili yaliyo sawa."

"Mzegazega!" Bernardo alipiga kiganja juu ya meza, akacheka kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wenzake msituni. "Hii sasa naielewa! Mzee Mfaume, na ile nyingine aifanye huyu huyu."

Shomari alijishika kiuno, akatikisa kichwa. "Nimebeba gunia la kumi na sita, ndani mna saba. Babu zako wangenicheka, mtani."

"Wangekucheka kutoka hapa mpaka baharini," Recheli alisema. "Na wangekuachia kipande cha njia ujifunze. Njoo nikuoneshe."

Mzee Mfaume hakucheka. Alikuwa bado kama mtu anayesoma mizani. "Umeshinda, na neno langu ni neno. Lakini lile nililosema jana sijajibiwa. Mtoto akiugua?"

Mlangoni palikuwa na mtu. Dionis alikuwa ameacha karakana, vumbi la mbao likiwa bado nyusini na Levina akiwa mabegani. Aliinamisha kichwa ili mtoto asigonge kizingiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba."

"Samahani kwa kuingilia. Nimesikia jana ulihesabu mikono ya mama, ukakuta mmoja uko mgongoni. Ya baba hukuihesabu. Karakana yangu iko hapo nyuma ya msikiti. Mtoto akiugua, nitakuwa naye mimi, na siku ambayo mimi niko porini, mama yake atakuja kukuomba ruhusa, mara moja, si kila siku. Ndivyo tunavyombeba."

Mzee Mfaume alimtazama Dionis, akamtazama mtoto, akamtazama Recheli. Yeye mwenyewe alikuwa baba wa watoto saba, na huenda alikuwa akihesabu kitu ambacho hakuwahi kukihesabu. Aliinuka, akaenda dirishani, akavuta kiti cha meza ya ufundi, akakipangusa kwa kofia yake. "Kaa, fundi," alisema.

Recheli alikaa. Aliwasha taa ya meza, ingawa palikuwa mchana kweupe, apate tu kuona mwanga wake ukianguka juu ya mikono yake. Alimfikiria mama yake kule Kigwa, ambaye angeulizwa sokoni binti yako anafanya nini mjini, naye angelitua kapu chini kabla ya kujibu ili ajibu vizuri. Kabila lake lilijivunia bega tangu siku za misafara. Leo yeye alijivunia mabega mawili, lake na la mwenzake, kwa kuwa yaliyomfikisha pale si mabavu ya mmoja wala mbio za mmoja. Hakika wahenga hawakukosea: mkono mmoja haulei mwana.

Mara mzee mmoja mgeni aliingia na kompyuta iliyofungwa kwenye kanga. Aliwapita waliokuwa ndani, akaenda moja kwa moja kwa Dionis mwenye vumbi la kazi, akamnyooshea mzigo wake. "Fundi, nisaidie, hii imezimika tangu juzi."

Levina alimtazama kutoka juu ya mabega ya baba yake, akanyoosha kidole kuelekea dirishani.

"Fundi ni mama."